Nani Anasimulia? Kivu katika Filamu Tatu

Aghalabu filamu zinazohusu Kivu hukumbukwa kwa picha zake: gorila, volkeno, ziwa. Swali la sauti huulizwa kwa nadra, ingawa ndilo linaloigusa zaidi taaluma ya lugha.

Mwaka 1958 ilitolewa Les Seigneurs de la forêt, yaani “Mabwana wa Msitu”, iliyoongozwa na Heinz Sielmann na Henry Brandt kwa udhamini wa wakfu wa kisayansi wa Leopold wa Tatu, aliyekuwa Mfalme wa Ubelgiji. Ni filamu nzuri. Hilo sharti likubaliwe. Wanyama wake walistaajabiwa Ulaya na Marekani. Hata hivyo, wenyeji wanaoonekana humo hawajisemei. Katika toleo la Kiingereza wanasemewa na Orson Welles na William Warfield, nao wanakuwa sehemu ya mandhari, kama miti. Mtu wa Himbi, mtaa ulio kando ya Ziwa Kivu mjini Goma, akiitazama filamu hiyo atasikia nchi yake ikielezwa kwa watu wengine. Ukoloni haukuwa mada yake, wala machungu ya waliozuiwa kulima na kuwinda ndani ya Mbuga ya Albert tangu 1925. Miaka miwili baadaye Kongo ilipata uhuru.

Virunga (2014) ya Mwingereza Orlando von Einsiedel ilirudi katika mbuga hiyo hiyo, kwa jina lake jipya. Hapa walinzi wa mbuga wanajieleza wenyewe, na Kiswahili kinasikika pamoja na Kifaransa, huku waasi wa M23 wakiiteka Goma Novemba 2012. Ni hatua kubwa, ijapokuwa aliyepanga masimulizi ni mgeni bado.

Petna Ndaliko Katondolo, mwasisi wa kituo cha utamaduni cha Yole!Africa mjini Goma, alichukua njia nyingine. Katika Kapita (2020) anazitumia upya picha za kumbukumbu za kikoloni. Jina lenyewe lastahili kuchunguzwa: neno hili, lenye asili ya Kireno capitão, lilikuwa cheo cha Mwafrika aliyewasimamia wenzake kazini kwa niaba ya Mzungu. Katondolo hakulitafsiri. Mtazamaji wa Brussels atahitaji kuelezwa maana yake; wazee wa Himbi hawatauliza.