Giligilani, kotmiri na dania: Mmea mmoja, njia tatu

Msomaji mmoja wa safu hii, mama anayeishi viungani mwa Nakuru, ameniandikia kuuliza swali fupi. Nyuma ya jiko lake amepanda mimea ya kuungia chakula katika mikebe: dania, mnanaa, mrehani, na kile kichaka chenye majani membamba kama sindano ambacho vitabu vya mapishi hukiita 'rosemary'. Hicho cha mwisho, anauliza, kinaitwaje kwa Kiswahili?

Angekomea hapo ningemjibu kwa mstari mmoja. Lakini barua yake ina mkia. Binti yake wa Gredi ya Sita aliandika insha kuhusu bustani hiyo ya mikebe. Daftari liliporudi, neno 'dania' lilikuwa limezungushiwa wino mwekundu, na juu yake pameandikwa 'giligilani'. Mtoto hakulijua neno hilo. Mama mtu pia hakulijua. "Sasa akipewa insha anatafuta mambo ya mbali," anasema. "Ya jikoni kwetu anayaogopa."

Sentensi hiyo ya mwisho ndiyo iliyonikalisha kitako. Mtoto anayeogopa kuitaja mboga ya nyumbani kwao kwa lugha yake mwenyewe amepoteza kitu kikubwa kuliko alama mbili za msamiati. Kwa hivyo nitaanza na dania, maana aliyeelewa jinsi dania ilivyopata majina yake atajua pia la kufanya na 'rosemary'.

Kwanza tukubaliane kuhusu jambo moja. Mmea huu ni mgeni kwetu. Asili yake ni nchi zinazozunguka Bahari ya Kati pamoja na Asia ya magharibi, na umri wake jikoni ni mkubwa ajabu. Mbegu zake zilikutwa katika kaburi la Farao Tutankhamun, aliyezikwa Misri zaidi ya miaka 3,300 iliyopita. Jina lake limo pia katika vibao vya udongo vya Wagiriki wa kale wa enzi ya Mycenae, miongoni mwa orodha za bidhaa. Mgeni huyu alipofika Afrika Mashariki alikuja na jina mkononi, na kwa kuwa alipitia milango mitatu, alitupatia majina matatu.

Mlango wa kwanza ni wa Waarabu. Katika Kiarabu lipo neno juljulan, ambalo limetumiwa kwa mbegu za mmea huu na pia kwa ufuta. Neno hilohilo lilisafiri upande wa magharibi hadi Uhispania, na mpaka leo Wahispania wengi huuita ufuta ajonjolí. Upande wetu lilishuka na majahazi. Baadhi ya Waarabu wa Oman na Yemen huitamka ile j kama g, nao Waswahili, ambao hawapendi konsonanti mbili zigongane ovyo, walitia irabu katikati. Likazaliwa giligilani. Litamke polepole, gi-li-gi-la-ni, utasikia jinsi ulimi wa pwani ulivyolilainisha.

Safari zenyewe ni za kale. Kitabu cha mabaharia kiitwacho Periplus, kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, kinasimulia kuhusu Waarabu waliofanya biashara katika pwani hii, wakaielewa lugha ya wenyeji na kuoana nao. Watu wakioana, vyungu navyo huoana. Ibn Battuta alipopita huku mwaka wa 1331, alikuta Mogadishu watu wakila wali wa samli kwa vitoweo vya nyama, kuku na samaki, pamoja na ndimu za kuchachuka, tangawizi mbichi na maembe. Kutoka hapo alishuka Mombasa, kisha Kilwa. Chakula chenye viungo si jambo la juzi katika ufuo huu.

Mlango wa pili ni wa Wahindi wa Gujarat. Katika Kigujarati, majani mabichi ya mmea huu huitwa kothmir, na mbegu zake zilizokauka huitwa dhana. Kwa mpishi wa huko hivyo ni vitu viwili, kila kimoja na wakati wake wa kutiwa chunguni. Wafanyabiashara wa Kigujarati na wa Kikachi walikuwa na maduka Unguja na Mombasa tangu zamani, na idadi yao iliongezeka pale Seyyid Said alipohamishia makao yake Unguja kutoka Muscat, karibu na mwaka wa 1840. Neno lao la majani likaingia majikoni mwa jirani zao. Mpaka leo, mpishi wa Mombasa au Unguja anayekusomea mapishi ya biriani atakwambia ukatekate kotmiri uitie mwishoni.

Mlango wa tatu ndio uliotufungukia sisi wa bara. Kihindi na Kipunjabi huuita mmea huu dhania, jani na mbegu pamoja. Chimbuko lake ni maneno ya Kisanskriti yanayohusiana na nafaka. Ujenzi wa reli ya Uganda ulianza Mombasa mwaka wa 1896. Reli ilifika Nairobi 1899 na Kisumu mwishoni mwa 1901. Walioijenga walikuwa vibarua zaidi ya 31,000 walioletwa kutoka Uhindi ya Waingereza, wengi wao Wapunjabi. Takribani 2,500 walifia kazini. Wengi wa waliosalia walirejea kwao, lakini takribani 6,700 walibaki. Nyuma ya reli zikaja duka za Wahindi katika kila kituo, na nyuma ya duka kulikuwa na jiko. Siwezi kukuonyesha siku ambayo Mkenya wa kwanza alisema 'dania'. Ninaloliona ni kwamba sura ya neno hilo iko karibu zaidi na Kihindi na Kipunjabi kuliko na kothmir ya Wagujarati, na kwamba limeota mizizi hasa huku bara, kandokando ya njia ya reli.

Sasa nenda soko lolote kuanzia Kongowea hadi Kibuye, usimame mbele ya kibanda cha mama mboga. "Mama, niwekee nyanya za thelathini na dania ya kumi." Hakuna atakayekuuliza unamaanisha nini. Neno limekuwa letu. Kachumbari bila dania tunaiona imepungukiwa, na hata hilo jina kachumbari limetoka kwa Wahindi walewale.

Kuna kosa moja, hata hivyo, ambalo ningependa wino mwekundu ulishughulikie. Vibandani na kwenye pakiti utaona limeandikwa 'dhania'. Huko Uhindi, ile h huonyesha d inayotamkwa kwa mpumuo. Haina uhusiano wowote na dh yetu ya dhahabu na dhambi. Ukiandika 'dhania' kwa Kiswahili umeandika kitenzi, kauli ya kutendea ya dhani, kama vile katika "usinidhanie mabaya." Mboga haidhanii mtu kitu. Andika dania.

Tukirudi kwenye ile insha: kwa nini mwalimu alichagua giligilani? Simlaumu, alifuata vitabu. Mwaka wa 1928 mkutano uliofanyika Mombasa uliamua kwamba Kiunguja, lahaja ya mjini Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka wa 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuisimamia kazi hiyo. Kwa hivyo maneno ya visiwani yakatangulia katika kamusi na vitabu vya shule. Uamuzi huo ulitupa lugha moja ya kuandikia kutoka Lamu hadi Kigoma, na nina shukrani. Lakini masoko ya Nairobi na Nakuru hayakuwakilishwa mkutanoni, na yameendelea kukua kwa karibu miaka 100 tangu siku hiyo.

Usanifu wa giligilani, basi, hautokani na uzawa wake. Giligilani, kotmiri na dania yote ni maneno ya kukopa, moja kutoka Arabuni na mawili kutoka Uhindi. Mwenye kulikata dania kwa sababu ni la kigeni hana budi kulikata na giligilani. Mwalimu mwenye busara angeliacha dania lisimame, kisha akaandika pembeni: "Pwani na Tanzania utasikia pia giligilani na kotmiri." Mtoto angeondoka na maneno matatu badala ya hofu moja.

Mrehani wa mama yule nao una somo lake. Kiarabu kina rayhan, mmea wenye harufu nzuri, kutoka mzizi mmoja na neno letu riha. Kiarabu hichohicho kina rahn, mali inayowekwa kuwa dhamana ya deni. Katika Kiarabu maneno hayo yana mizizi tofauti kabisa. Yalipovuka bahari yalikutana katika umbo moja, rehani, hata mtu anaweza kuweka shamba rehani na akajifukiza rehani. Waswahili waliondoa utata huo kwa mzaha mdogo wa sarufi: mmea wakautia katika ngeli ya U-I, ukawa mrehani, mirehani. Tena pwani mrehani ulipendwa kwa harufu yake, ukafungwa pamoja na asumini na mkadi katika kikuba cha bibi harusi. Wengi wetu wa bara tumeujua kwanza kama kiungo cha mchuzi wa nyanya.

Na mchaichai je? Hapo wahenga hawakukopa jina la mmea. Walichukua chai, neno lililotoka Uchina likapitia Uajemi na Uhindi, wakalirudia mara mbili na kulipachika m- ya miti. Maana yake unaisikia papo hapo: mmea wa kutengenezea kitu mfano wa chai. Kwa hivyo lugha yetu ina njia mbili za kumpokea mgeni. Ama inamwita kwa jina alilokuja nalo, baada ya kumvika nguo za hapa, ama inamtungia jina kutokana na kazi yake.

Sasa kichaka chetu. Asili yake ni mwambao wa Bahari ya Kati. Warumi walikiita kwa maneno mawili yenye maana ya umande wa bahari, na lugha nyingi za Ulaya zimelirithi jina hilo. Waarabu wanacho pia, nao wamekiita iklil al-jabal, taji la mlima. Jina hilo la Kiarabu halikuzoeleka katika Kiswahili, kwa sababu mmea wenyewe haukuwa na nafasi katika vyungu vya pwani. Huku bara leo unauona umepandwa kuwa ua wa kugawanya nyumba katika mitaa ya Nairobi, ukipogolewa kila mwezi na matawi yake kutupwa, ilhali ndani ya nyumba hizohizo mtu ananunua pakiti yake kavu dukani! Hata wanasayansi wameubadilishia jina: tangu 2017 wengi wao wameuingiza katika jenasi ya Salvia.

Je, tuuite 'umande wa bahari' au 'taji la mlima'? Ni majina matamu, lakini jaribu kumwambia mama mboga akuwekee taji la mlima la shilingi ishirini uone atakavyokutazama. Mimi napendekeza njia ya giligilani: rosimari. Irabu i inaingia kati ya s na m, kama vile asmini ilivyopata u ikawa asumini. Lakini wahenga walisema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe la neno ni ngeli. Mmea uwe mrosimari, mirosimari, ngeli ya U-I. Kiungo chenyewe kiwe rosimari, ngeli ya I-I, kama chumvi. "Mrosimari umestawi. Rosimari hii ina harufu kali." Ukiweza kulitungia sentensi kama hizo bila kujikwaa, neno limeshahamia.

Kuhamia huko hakutoki kwenye kamusi peke yake. Neno la mmea hukaa pale mmea unapokaa, na mimea hii haihitaji shamba. Mrosimari huanzia kwa kijiti cha urefu wa sentimita 10 hivi kilichokatwa kwenye ua wa jirani. Pukuchua majani ya chini, kichomeke katika udongo uliochanganywa na mchanga, ndani ya mkebe uliotobolewa kitako, wala usikileweshe maji, maana mizizi yake huoza. Dania hupandwa kwa mbegu. Kile kipira unachokiona ni tunda lenye mbegu mbili, kwa hivyo kisage kidogo kipasuke kabla ya kukifukia. Baada ya wiki sita hivi utakuwa unachuma, na jua likizidi utaharakisha kutoa maua. Hapo usiung'oe, subiri mbegu. Ndipo utakapoelewa kwa nini Wagujarati waliona vitu viwili ambapo sisi tunaona kimoja. Mnanaa upe mkebe wake peke yake, la sivyo utatambaa na kuwasonga wenzake.

Wasomaji wa Lamu, Vanga, Kisumu na Nairobi, niandikieni majina mnayoyatumia kwa mimea hii, na wazee wenu waliyatumia yapi. Waulizeni sasa hivi, wakiwa bado jikoni. Walimu nao nawaomba jambo moja dogo: kabla ya kulikata neno la mtoto, mwulizeni amelisikia wapi.