Dereva Asiyetajwa: Istilahi ya Bima na Kijana Anayeendesha Gari la Nyumbani

Dereva asiyetajwa ni mtu anayeendesha gari lenye bima ilhali jina lake halimo katika hati ya bima hiyo. Katika familia, mara nyingi mtu huyo ni kijana: mtoto aliyepata leseni juzi, mpwa aliyekuja likizo, au ndugu mdogo anayetumwa sokoni. Kinyume chake ni dereva aliyetajwa, ambaye jina lake limeandikwa katika hati. Istilahi zote mbili zimetoka katika mikataba ya bima ya Uingereza na Marekani, na Kiswahili kimezitafsiri neno kwa neno. Tafsiri yenyewe haina kosa. Kosa huingia pale msikilizaji anaposikia "asiyetajwa" akaelewa "asiyelindwa". Nchini Kenya hayo ni mambo mawili, na anayeyachanganya anaweza kuacha dai halali au kuamini kinga isiyokuwapo.

Namna Kiswahili kinavyoizungumzia bima inasaidia kuanza vizuri. Mtu hukata bima, lakini kinachokatiwa ni gari. Polisi akisimamisha gari katika barabara kuu ya A1, kati ya Rongo na Migori, hutazama cheti cha bima, na cheti hicho kinaonyesha nambari ya gari na siku bima itakapokwisha. Hakina orodha ya watoto wa mwenye gari. Usemi wa "gari lina bima" unakaribiana na mikataba ya Kenya, ambamo kinga hufuata gari, kisha kifungu maalumu kikaeleza ni nani anaweza kuliendesha bila kuivunja kinga hiyo.

Kifungu hicho ni kifungu cha dereva. Katika bima nyingi za magari ya binafsi nchini, dereva anayekubalika ni mwenye bima mwenyewe, au mtu yeyote anayeendesha kwa agizo lake au kwa ruhusa yake, mradi awe na leseni ya aina ya gari hilo na asiwe amezuiwa kuendesha. Mtu wa namna hiyo huitwa kwa Kiswahili "dereva aliyeruhusiwa". Tafsiri hii imezoeleka, lakini inaacha pengo: aliyeruhusiwa na nani? Serikali nayo huruhusu, kwa leseni inayotolewa na Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, NTSA, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012. Mwenye gari huruhusu kwa kauli yake. Kijana mwenye leseni mfukoni anaweza kuamini kuwa tayari ameruhusiwa, kumbe amepita mlango mmoja kati ya miwili. Kwa hiyo ni bora maneno yagawane kazi: leseni iwe ya serikali, idhini iwe ya mwenye gari, na mtu aliyepita milango yote miwili aitwe dereva mwenye idhini na leseni.

Matanga yanaonyesha wazi jinsi idhini inavyofanya kazi. Gari la familia limetoka Nairobi Ijumaa, limefika nyumbani karibu na Oyugis, Kaunti ya Homa Bay, kwa maziko ya Jumamosi. Mwenye gari amechoka na safari. Anampa mpwa wake wa miaka 20 funguo na kumwambia aende mjini akachukue mahema na viti. Jina la mpwa halimo katika hati yoyote, lakini anaendesha kwa agizo la mwenye bima, tena ana leseni. Akigonga baiskeli njiani, bima ipo. Usiku huohuo, mpwa huyo anachukua funguo mezani bila kumwambia mtu, anaelekea Ndhiwa kwenye disko matanga. Gari ni lilelile, leseni ni ileile, na kijana ni yuleyule. Kilichokosekana ni idhini. Katikati ya visa hivyo viwili kuna cha tatu, chenye utata zaidi: ametumwa Oyugis, akapitiliza hadi Kendu Bay kumwona rafiki. Hapo mabishano huwa juu ya upana wa idhini aliyopewa. Huulizwa alitumwa nini, hutumia gari mara ngapi, na je, mwenye gari huwa anajua na kunyamaza? Idhini inaweza kutamkwa, na inaweza pia kujengwa na mazoea ya nyumba.

Neno la pili linalohitaji uangalifu ni "kijana". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inamhesabu kijana kuwa mtu mwenye umri kuanzia miaka 18 hadi kabla ya kutimiza 35. Kampuni za bima hazimaanishi hivyo. Kwao mipaka ya kawaida ni miaka 21 au 25, kila kampuni na kiwango chake, na wanamweka katika kundi hilohilo mtu mzima aliyepata leseni miezi michache iliyopita. Mwalimu wa miaka 40 wa Awendo aliyejifunza kuendesha mwaka huu si kijana kwa Katiba wala kwa jirani zake, lakini mkataba humpa masharti sawa na ya kijana wa miaka 19. Tafsiri ya "dereva kijana" humwacha mwalimu huyo nje. "Dereva mchanga" inafaa zaidi, kwa kuwa Kiswahili huita mchanga mwenye umri mdogo na pia asiyeiva katika kazi. Inapobidi kutenganisha, kuna uchanga wa umri na uchanga wa leseni.

Uchanga huo unaathiri bima kwa njia mbili tofauti, kulingana na nani anayedai. Njia ya kwanza inahusu mtu wa tatu, yaani mtu wa nje aliyeumizwa. Sheria ya Bima ya Magari inayohusu hasara za watu wa tatu, Sura ya 405, inamtaka kila anayetumia gari barabarani awe na bima inayolinda matumizi hayo, na inamfunga pia anayesababisha au kuruhusu mwingine kulitumia. Mzazi anayetoa funguo za gari lisilo na bima hawezi kujitoa kwa kusema hakuwa kwenye usukani. Kifungu cha 16 cha sheria hiyo kinasema kwamba sharti la mkataba linalobana kinga kwa sababu ya umri wa dereva, au hali yake ya mwili au ya akili, halina nguvu mbele ya mtu wa tatu aliyeuawa au kujeruhiwa. Mzee aliyegongwa akivuka barabara pale Uriri hawezi kunyimwa fidia kwa sababu tu dereva alikuwa na miaka 19 na mkataba ulitaka 25. Kampuni hulipa, kisha ina haki ya kudai fedha hizo kutoka kwa mtu ambaye imemlipia deni. Hivyo sheria inamlinda majeruhi. Haimfutii dereva wala familia makosa yao. Kinga hiyo pia ina kikomo: sheria inailazimisha bima hadi shilingi milioni 3 kwa dai, na hukumu inayozidi hapo hubaki kwa waliohukumiwa.

Njia ya pili inahusu gari lenyewe. Bima ya mtu wa tatu haitengenezi gari la mwenye bima. Aliyekata bima kubwa, ile inayolinda pia gari lake, anaweza kudai matengenezo, lakini hapa kifungu cha 16 hakimsaidii na mkataba unasimama kama ulivyoandikwa. Kwa kawaida dereva mchanga hafungiwi mlango moja kwa moja, huongezewa ekses. Ekses ni kiasi ambacho mwenye bima hujilipia mwenyewe kabla ya kampuni kutia mkono. Wengine huitafsiri kuwa "ziada", na tafsiri hiyo inapotosha, kwa sababu mtu hudhani ni nyongeza atakayolipwa. "Kiasi cha kujilipia" kinasema ukweli wa jambo: gari likirudi gereji baada ya kijana kuligonga, sehemu ya kwanza ya gharama hutoka mfukoni mwa familia, na sehemu hiyo ni kubwa kuliko ambayo ingetoka kama baba ndiye aliyekuwa akiendesha.

Kabla ya yote hayo kuna fomu ya kuomba bima. Ndani yake mna maswali kuhusu watakaoendesha: umri wao, muda waliokaa na leseni, ajali zao za nyuma. Katika ofisi nyingi za mawakala mjini Migori au Homa Bay, wakala huijaza fomu kwa Kiingereza huku mteja akisimama kando ya meza, kisha mteja hutia sahihi chini. Swali la dereva mchanga likijibiwa "hapana" ilhali nyumbani kuna mtoto anayeendesha kila wikendi, mkataba umejengwa juu ya jibu la uongo. Sheria ya bima hudai uaminifu wa hali ya juu kutoka pande zote, na kuficha jambo zito huipa kampuni sababu ya kuukana mkataba. Hapa ndipo kutomtaja kijana kunapodhuru. Mkataba unaweza kumkubali dereva ambaye jina lake halikuandikwa, lakini hauvumilii dereva ambaye mteja aliulizwa juu yake akamficha.

Aina moja ya kuficha inahitaji istilahi yake: mzazi anaandikishwa kuwa ndiye mtumiaji mkuu wa gari ili malipo ya bima yawe nafuu, na kumbe gari ni la kijana na mzazi haligusi. Kwa Kiswahili jambo hilo linaweza kuitwa kutanguliza jina la mzazi. Ni udanganyifu, hata kama mzazi na mwana wamekubaliana.

Matumizi ya gari nayo ni sharti lililo kando na dereva. Kati ya Rongo na Homa Bay, gari aina ya Probox ni chombo cha kawaida cha kubeba abiria. Gari la binafsi lililokatiwa bima ya matumizi ya nyumbani, kijana akilitumia kubebea abiria wa kulipa kwa siku moja ya soko, limetoka nje ya mkataba. Idhini ya baba haiponyi kosa hilo, wala kifungu cha 16 hakigusi kusudi la matumizi ya gari. Vivyo hivyo mpakani: bima ya Kenya peke yake haitoshi kuvuka Isebania kuingia Sirare na Tarime. Panahitajika Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika; ni mpango wa bima ya kuvuka mipaka ambao Tanzania imebaki ndani yake ingawa ilijitoa COMESA mwaka 2000.

Bima ikikosekana, wajibu wa mwenye gari haufutiki. Katika kesi ya Karisa dhidi ya Solanki ya mwaka 1969, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishikilia kwamba gari likithibitika kusababisha madhara kwa uzembe, huchukuliwa kuwa liliendeshwa na mtu ambaye mwenye gari anawajibika kwa ajili yake, mpaka ushahidi uonyeshe vinginevyo. Dhana hiyo bado hutumika katika mahakama za Kenya. Mwenye gari ndiye anayepaswa kueleza kuwa kijana alichukua gari bila idhini, au kwa shughuli zake mwenyewe.

Familia zenye jamaa ng'ambo zinafaa kukumbuka kwamba istilahi hizi zina uzito mwingine huko. Nchini Uingereza ni kawaida madereva kuorodheshwa kwa majina, na asiyekuwemo hana kinga. Marekani, kampuni hutaka kujua kila mkaaji wa nyumba aliyefikia umri wa kuendesha, na yupo hata dereva aliyetengwa, ambaye jina lake limeandikwa kwa kusudi la kumtoa nje ya bima. Huko, kutajwa kwenyewe kunaweza kuwa ndiko kunyimwa. Kwa hiyo ushauri wa simu kutoka Minnesota hauwezi kuamua dai lililopo Mbita.

Kwa muhtasari wa maneno: hati au mkataba wa bima ufae kuliko "sera", neno ambalo Kiswahili kimelipa kazi ya mipango ya serikali na vyama, dereva aliyetajwa na asiyetajwa yaeleze tu kuwapo au kutokuwapo kwa jina, dereva mwenye idhini na leseni aeleze anayelindwa, dereva aliyetengwa aeleze aliyetolewa, dereva mchanga aeleze upungufu wa umri au wa uzoefu. Wakala anayeyatumia maneno haya mbele ya mteja kabla ya sahihi atakuwa amemwepusha na safari nyingi za mahakamani. Naye mzazi, kabla ya kumkabidhi mtoto funguo, amtaje kwa wakala, aandikiwe jibu, na ajue kiasi atakachojilipia gari likigongwa.