Unatoka Ruangwa na unataka kuona theluji? Chagua hivi njia ya Kilimanjaro

Wakati Wazungu wanachagua milima ya kwenda kuteleza kwa skii kipindi cha baridi, theluji yetu ipo Kilimanjaro. Kule hakuna kuteleza wala lifti, ni miguu tu. Na ukikosea kuchagua, hupotezi pesa ya likizo peke yake. Watu hufia mlimani.

Hesabu siku kwanza, njia baadaye

Kilele cha Uhuru kipo mita 5,895. Pale kila pumzi ina oksijeni kama nusu ya ile unayovuta Lindi mjini. Mwili huzoea, lakini kwa siku, si kwa ubishi. Kijana anayepalilia mikorosho Nachingwea kutwa nzima anaweza kurudishwa njiani, huku mama wa ofisini anayetembea taratibu akafika.

Ndiyo maana safari ya siku tano, ile ya bei ya kutupa, inawaponza wengi. Kama pesa inatosha kitu kimoja tu kati ya koti kali na siku ya ziada, nunua siku. Koti utakodi Moshi.

Njia zenyewe

Marangu ndiyo maarufu kwa Watanzania, maana ndiyo pekee yenye nyumba za kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Ukiogopa hema, ni hii. Ila wengi huipanda kwa siku tano. Omba sita, ulale Horombo mara mbili.

Machame ni ya mahema na ina miinuko zaidi, lakini inazoesha mwili vizuri. Unapanda mpaka Lava Tower, kama mita 4,600, halafu unashuka kulala Barranco, kwenye mita 3,900 hivi. Huko kupanda juu na kulala chini ndiko kunakosaidia. Iwe siku saba kama unaweza.

Lemosho inaanzia magharibi, siku saba au nane. Kwa maoni yangu ndiyo bora kuliko zote, tatizo ni mfuko. Rongai ipo kaskazini karibu na mpaka wa Kenya, na mvua yake ni kidogo. Umbwe ni mkali mno, mgeni wa mlima aiache.

Pesa ya ufuta au ya korosho?

Hapa watu wa Kusini tuna bahati. Pesa ya ufuta huingia katikati ya mwaka, na Juni hadi Oktoba mlima ni mkavu. Pesa ya korosho huja kuelekea mwisho wa mwaka, na Januari na Februari nayo ni miezi mizuri, tena uwezekano wa kukuta theluji ni mkubwa kidogo. Machi hadi Mei ni masika, achana nayo.

Usitegemee mlima mweupe wote kama kwenye kalenda za zamani. Tangu 1912 barafu ya Kilimanjaro imepungua kwa zaidi ya asilimia 80. Iliyobaki utaiona karibu na kilele.

Mtanzania hulipa kiingilio kwa shilingi, chini sana ya kile cha mgeni, kwa hiyo beba kitambulisho cha NIDA. Juu ya hapo kuna muongozaji (huyo ni lazima kisheria), wapagazi na mpishi. Uliza viwango vya hifadhi kwa KINAPA kabla hujamtumia mtu yeyote hela kwenye simu.

Nani asipande?

Mwenye selimundu asijaribu, kwa sababu upungufu wa oksijeni unaweza kumletea maumivu makali na hata kifo. Mwenye moyo, presha au pumu amwone daktari kwanza. Anaweza pia kwenda Mandara na kurudi siku hiyohiyo. Theluji hataigusa, ila msitu ataufaidi.

Safari ya kilele huanza kama saa sita usiku, na baridi inaweza kushuka hadi nyuzi 10 au 20 chini ya sifuri. Kichwa kuuma kidogo ni kawaida. Lakini ukianza kuyumba kama mlevi, kuchanganyikiwa, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa, shuka saa ileile, usingoje kukuche. Dalili ukizificha kwa sababu umeshawaaga watu nyumbani, muongozaji hana namna ya kukusaidia.