Shanga za maji: kutoka shambani hadi tumboni mwa mtoto

Hebu chukua nepi mpya ya mtoto, ichane, kisha ikung'ute juu ya sinia. Zitadondoka chembe nyeupe kama sukari. Zimwagie maji kidogo: muda si mrefu zinavimba na kuwa jeli. Ukinyunyizia chumvi, jeli inalegea na kuachia maji. Ila fanya jaribio hili watoto wakiwa mbali. Kwa nini? Twende taratibu.

Chembe hizo ni polima, yaani minyororo mirefu ya molekuli iliyofungamana kama wavu. Maji yakiingia, wavu unatanuka lakini hauyeyuki. Kumbe hazikuanza kama kitu cha watoto! Miaka ya 1960 na 1970, watafiti wa Wizara ya Kilimo ya Marekani mjini Peoria, Illinois, waliunganisha wanga wa mahindi na polima, wakapata kitu kilichoitwa Super Slurper. Lengo lilikuwa kusaidia udongo kushika maji. Miaka ya 1980 polima za aina hii zikaingia kwenye nepi. Baadaye wapambaji wakatumia punje za rangi kwenye vyombo vya maua, na mwishowe punje hizo zikawa mchezo: shanga za maji.

Hapo ndipo hesabu ilipoharibika. Kwa miaka mingi, usalama wa kitu kidogo ulipimwa kwa swali moja: je, kinaweza kumkaba mtoto? Jibu likiwa ndiyo, pakiti inaandikwa "miaka 3 na kuendelea". Lakini shanga kavu ni ndogo sana, inateleza kooni bila kukaba. Hatari yake inakuja saa kadhaa baadaye, ikishavimba na kuziba utumbo. Chumvi ya mwilini hupunguza uvimbe huo, haiuzuii. Tena yule mdogo wake anayetambaa hasomi pakiti.

Mwaka 2012, madaktari wa Texas waliripoti kuwa walimpasua mtoto wa miezi 8 na kutoa mpira wa aina hii kwenye utumbo mwembamba. Desemba mwaka huohuo, takriban bidhaa 94,700 ziliondolewa sokoni Marekani. Ungedhani somo limeeleweka, sivyo? Mwaka 2023 mtoto wa miezi 10 alifariki huko Wisconsin, na bidhaa nyingine, kama seti 52,000, zikarudishwa. Mwisho wa mwaka huo Amazon, Walmart na Target zilitangaza kuacha kuuza shanga za maji kama vifaa vya kuchezea watoto.

Kingine kinachowasumbua madaktari ni kwamba shanga iliyovimba karibu yote ni maji, kwa hiyo kwa kawaida haionekani kwenye eksirei. Dalili zake, yaani kutapika, tumbo kujaa, mtoto kukataa kula, zinafanana na za magonjwa mengine kibao.

Kwa hiyo ukihisi mtoto amemeza, usisubiri uone kama "itatoka yenyewe". Mpeleke hospitali, beba pakiti, na useme waziwazi: huenda amemeza shanga ya maji. Ikiwa imeingia sikioni, usitie maji wala dawa ya matone, itavimba hukohuko.

Kazi ya polima hizi haijabadilika tangu Peoria: ni ileile ya kunywa maji. Tulichosahau sisi ni kwamba hata utumbo wa mtoto una maji.