Aliyeanguka Apigwe au Aachwe? Historia ya Boksi na MMA

Vijana wetu wanabishana: kati ya boksi na MMA, upi ni mchezo mzuri wa kutazama? Mmoja anasema boksi ni ya wazee. Mwingine anajibu kwamba MMA ni ugomvi wa barabarani uliowekewa taa. Tuangalie historia, kwa maana michezo hii inatofautiana hasa katika jambo moja: kile kinachotendeka mtu anapoanguka.

Boksi ya leo inasimama juu ya sheria za Queensberry, zilizotolewa Uingereza mwaka 1867. Zilileta glavu, raundi za dakika tatu na hesabu ya sekunde kumi. Aliyeanguka haguswi. Aliyemwangusha anarudi nyuma, na aliye chini ana sekunde kumi za kusimama. Hesabu hiyo inaeleweka na kila mtu, hata aliyekaa mbali kabisa uwanjani, hata asiyejua ufundi wowote. Tena inasikika redioni. Tarehe 22 Juni 1938, Joe Louis, Mmarekani mweusi, alimshinda Max Schmeling wa Ujerumani mjini New York katika raundi ya kwanza. Mamilioni ya watu walifuata pigano hilo kwa redio. Hawakuona ngumi hata moja, lakini walielewa yote.

Sisi Wakongomani tuna usiku wetu: tarehe 30 Oktoba 1974, Kinshasa, katika uwanja unaoitwa leo Tata Raphaël. Mobutu alitaka jina la Zaire lijulikane duniani, na Muhammad Ali na George Foreman waliahidiwa dola milioni 5 kila mmoja. Pigano lilianza saa kumi za alfajiri, ili Wamarekani waweze kulitazama kwao ikiwa bado usiku. Watu kama 60,000 walikesha wakipiga kelele kwa Kilingala, “Ali, boma ye!”, yaani Ali, muue. Ali aliegemea kamba, akamwacha Foreman apige hadi achoke, na katika raundi ya nane akamwangusha. Foreman alipokuwa akienda chini, mkono wa kuume wa Ali ulikuwa tayari kwa ngumi nyingine. Hakuitupa. Uwanja mzima ulikuwa umeomba kifo, na bingwa akazuia mkono wake.

Miaka miwili baadaye, tarehe 26 Juni 1976, Ali huyohuyo alikwenda Tokyo kupambana na Antonio Inoki, mcheza mieleka wa Japani. Kwa raundi 15 Inoki alikuwa karibu muda wote amelala chali, akimpiga Ali mateke ya miguu. Matokeo yakawa sare. Watazamaji walikasirika, wakatupa takataka. Miguu ya Ali iliumia vibaya, lakini wao hawakuelewa walichokuwa wakitazama: kwa macho yaliyozoea boksi, mtu aliye chini amekwisha, na huyu alikuwa ndiyo kwanza anapigana.

MMA ilizaliwa kwa kubadilisha wazo hilo. Tarehe 12 Novemba 1993, mjini Denver, Marekani, shindano la kwanza la UFC liliwakutanisha watu wanane wa mitindo mbalimbali, bila kupangwa kwa uzito. Royce Gracie wa Brazili, ambaye hakuwa mkubwa wa mwili, aliwashinda watatu usiku mmoja kwa kuwapeleka chini na kuwabana. Baadaye ziliongezwa sheria: glavu, madaraja ya uzito, marufuku ya kumpiga teke la kichwa aliye chini. Hata hivyo, kuanguka si mwisho. Aliye juu anaendelea kupiga mpaka mwamuzi aingie. Lakini MMA nayo ina huruma yake: aliyezidiwa anagonga kwa mkono, na pigano linakwisha papo hapo. Kugonga si aibu, hata mabingwa hugonga.

Tofauti hiyo ilionekana wazi tarehe 28 Oktoba 2023, mjini Riyadh. Francis Ngannou wa Kameruni, aliyefanya kazi ya kuchimba mchanga alipokuwa mdogo na kuwa bingwa wa UFC wa uzito wa juu mwaka 2021, alipigana boksi na Tyson Fury. Katika raundi ya tatu akamwangusha. Kwa sheria za MMA angemfuata chini palepale. Kwa sheria za boksi alipaswa kujitenga na kungoja hesabu. Fury akasimama, na baada ya raundi kumi akapewa ushindi kwa waamuzi wawili dhidi ya mmoja.

Basi upi ni mzuri? Kwa anayesikiliza redio, boksi inashinda. MMA inataka kioo na jicho lililofundishwa, kwa maana mtu anaweza kukabwa shingo kimya, na asiyejua akadhani wamelala tu. Anayejua anaona hapo akili nyingi kuliko ngumi.

Lakini kwetu kuna neno jingine. Watoto wanaiga wanachokiona kwenye simu, na wengi wao, wakiwemo waliokimbia Salamabila na vijiji vingine, wamekwisha kuona watu walioanguka na wakaendelea kupigwa, bila mwamuzi wala kengele. Mtoto huyo akitazama MMA bila kuelezwa sheria, ataona kile alichokikimbia. Akielezwa, ataona kitu tofauti kabisa: watu wawili wenye nguvu waliokubaliana mapema ni wapi watasimama. Kwa hiyo mzazi, au kaka mkubwa mwenye simu, kabla ya kuwafundisha kupiga, wafundishe kuhesabu mpaka kumi, na kuachia mwenzao anapogonga.