Siku moja, nyumba mbili

Wako watu wanaosema kwamba siku ya kuzaliwa ndiyo inayompa mtu bahati yake. Basi tutazame watu wawili, kisha tuamue.

Tarehe 12 Februari 1809 alizaliwa Abraham Lincoln huko Kentucky, katika Marekani, ndani ya nyumba ya miti yenye chumba kimoja. Siku ile ile, huko Shrewsbury katika Uingereza, alizaliwa Charles Darwin, mwana wa mganga tajiri. Wote wawili walifiwa na mama wangali wadogo: Darwin akiwa na miaka 8, Lincoln miaka 9. Lakini Darwin alisoma hata Cambridge. Lincoln hakutimiza mwaka mmoja shuleni. Alijifundisha kwa vitabu vya kuazima.

Darwin alisafiri baharini tangu 1831 mpaka 1836. Katika Brazil aliona watumwa wakiteswa, na moyo wake ukazidi kuuchukia utumwa. Lincoln, akiwa Rais, alitangaza tarehe 1 Januari 1863 uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Alipigwa risasi usiku wa Ijumaa Kuu, mwaka 1865. Desemba ya mwaka ule utumwa ulikatazwa katika nchi yake yote.

Babu za babu zetu, huko Maniema na Tanganyika, waliijua misafara ya watumwa. Kwa hiyo jambo hili si geni kwetu.

Je, ni tarehe iliyowafanya hivyo? Hapana. Wangapi wengine walizaliwa siku ile! Mtoto akizaliwa, tusiulize siku yake tu. Tuulize tutamfundisha nini.