Kompyuta kabla ya kompyuta: nani aliwafundisha vijana wetu kuona uwanja?



Naanza na aibu yangu mwenyewe. Jumamosi moja hapa Uingereza nilimpeleka mwanangu wa mwisho, miaka 11, kwenye mechi ya watoto. Sisi wazazi tulijipanga pembeni, kelele tupu: "Winga! Mpe winga!" Kijana akapata mpira, akampa winga kama alivyoamrishwa, na winga akaupoteza. Kumbe mwenzake mwingine alikuwa amesimama peke yake mbele ya goli! Kwenye gari nikamuuliza, hukumwona? Akanijibu, "Baba, si mlikuwa mnasema winga?"

Nikakosa la kusema. Lakini mimi kazi yangu ni historia, basi nikajiuliza: sisi tulifundishwa na nani kuona?

Nilikulia Ilala, na wengi wenu mnaikumbuka chandimu, mpira wa matambara na mifuko ya nailoni uliofungwa kwa kamba. Ulikuwa haudundi sawasawa. Uwanja ni njia ya watu: mkokoteni unapita, mama anapita na ndoo, huku mwembe ndio beki wa tatu. Jezi hakuna, kwa hiyo lazima ujue kila saa nani wa kwenu na yuko wapi. Ukiinamisha kichwa umekwisha. Na kocha hakuna. Mtu mzima alitokea pale tu kioo kilipovunjika. Kila tatizo ulitatua mwenyewe, ndipo chenga zikazaliwa.

Kaka zetu walitusimulia habari za Sunday Manara wa Yanga, ambaye miaka ya 1970 alikwenda kucheza Heracles ya Uholanzi. Walimwita "Kompyuta", zama ambazo wengi wetu hatujawahi kuiona hiyo mashine! Tazameni basi jina lenyewe. Hawakumsifu kwa misuli wala mbio, walisifu hesabu za kichwani. Mashabiki wa majukwaani walikuwa wameshaelewa kwamba mpira huanzia kwenye jicho na akili.

Wala jambo hili si letu peke yetu. Johan Cruyff, aliyezaliwa 1947, alijifunza mpira kwenye mitaa ya Betondorp, Amsterdam. Alipokuwa kocha wa Barcelona, 1988 hadi 1996, mazoezi yake yaliyojulikana sana ni rondo: wachezaji wanazunguka duara, wanapigiana pasi za haraka, na mmoja au wawili katikati wanawinda mpira. Mimi naiona kama mtaa ulioingizwa ndani ya uwanja wa nyasi.

Wanasayansi walikuja baadaye. Geir Jordet wa Norway aliwachunguza viungo wa Ligi Kuu ya Uingereza kwa picha za video, akakuta kwamba wanaogeuza kichwa mara nyingi kabla ya kupokea mpira ndio pasi zao hufika zaidi. Kule Ujerumani, Daniel Memmert na Philip Furley walitoa mwaka 2007 utafiti juu ya vijana wa mpira wa mikono. Waliopewa maelekezo mengi mahususi walielekea zaidi kutomwona mwenzao aliyekuwa wazi kabisa. Niliposoma hapo nilimkumbuka mwanangu. Macho yake ni mazima, ila umakini wake tuliufunga sisi kwa midomo yetu! Na ubunifu utatoka wapi, ikiwa kijana haoni ila njia moja aliyoelekezwa?

Cha kuchekesha ni kwamba wakubwa wa mpira sasa wanarudi kule kule. England ilipitisha mwaka 2012 watoto wa chini ya miaka 8 wacheze watano kwa watano. Ujerumani, kuanzia msimu wa 2024/25, watoto wadogo wanacheza wachache wachache kwenye magoli madogo, ili kila mmoja aguse mpira na aamue mwenyewe.

Sisemi turudi kwenye ufukara. Mtaa uliwavunja wengi miguu, dada zetu uliwafungia nje kabisa, na vipaji vingi vilipotea kwa kukosa viatu na mwalimu. Lakini hofu yangu ni hii: viwanja vya wazi nyumbani vinajengwa maduka, na wanaofungua shule za mpira wasije wakachukua koni na filimbi tu, wakaacha uhuru ule ambao Ulaya yenyewe inautafuta upya.

Jumamosi iliyofuata nilifunga mdomo. Walifungwa 4-1. Lakini nilimwona kijana wangu anageuza kichwa, kushoto, kulia, kabla mpira haujamfikia. Niliporudi nyumbani nilikuwa na furaha kuliko aliyeshinda.

Naomba kuwakilisha. Nyie wenzangu wa Mombasa, Unguja na Bujumbura, kwenu mpira wa mtaani ulichezwaje?